Jinsi Nilivyompangia Baba Maisha Marefu

Mwaka niliorudi Kalemie na cheti changu cha uuguzi, niliamua kwamba baba yangu ataishi miaka mia. Sikumuuliza. Nilimtangazia tu, siku ya pili baada ya kufika, mizigo bado imefungwa kamba na mtoto wangu mchanga yuko mgongoni. Baba alikuwa amekaa kwenye barza ya mbele ya nyumba anakata kucha kwa wembe. Aliinua macho, akanitazama kwa ule utulivu wake ulionichosha tangu nikiwa mdogo, akasema, "Mia? Sasa nitakuwa nasumulia na nani?"

Nilicheka, na hapo hapo nikaendelea na maneno yangu. Nilikuwa mtu wa namna hiyo miaka ile. Nikiulizwa swali, nilisubiri limalizike ili niseme nililokuwa nimekwisha kupanga kusema.

Ilikuwa enzi ya Zaire, wakati ambapo kila Jumamosi watu walitoka na majembe kufanya salongo, kuzibua mitaro na kufyeka kando ya barabara, wapende wasipende. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa bado shuleni. Mume wangu alifanya kazi kwenye treni ya Kabalo na alilala njiani siku nyingi kuliko alivyolala nyumbani, kwa hiyo tulikubaliana mimi na watoto wetu wawili tukae kwa baba, katika mtaa ulio juu kidogo ya ziwa. Nilipata kazi kwenye dispensari, mwendo mfupi kutoka pale. Kila kitu kilikaa mahali pake. Kilichobaki ni kumtunza mzee.

Baba hakujua mwaka aliozaliwa. Alisema ni mwaka ule nzige walipokula mashamba yote ya Zongwe, kijijini kwetu upande wa kusini, na hakuna aliyebaki hai wa kumbishia. Alikuja mjini akiwa kijana, akabeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukakataa, kisha akalinda bohari mpaka akastaafu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye meno yake yote isipokuwa mawili, ambayo alidai yalitolewa na mpira wa miguu, ingawa mama alikuwa na habari tofauti.

Nikikumbuka sasa namna alivyoishi kabla sijamshika, nashindwa kujizuia kucheka, na kicheko chenyewe kina uchungu. Kila asubuhi, jua halijachomoza upande wa Kigoma, aliteremka ziwani kuoga. Hata kiangazi, upepo wa kusini unapofanya maji yawe baridi ya kukata, alijisugua mwili mzima kwa jiwe na kurudi na taulo shingoni. Akila kipande cha muhogo kilichobaki jana, alichukua jembe na kupanda kilimani kwenye shamba lake. Shamba lenyewe kijana angelimaliza kwa wiki moja. Yeye alilifanya likae mwaka mzima. Alilima mistari mitatu, akapumzika, akabishana na jirani juu ya mpaka, akalima mmoja, akarudi na furushi la majani ya muhogo kwa ajili ya sombe. Mchana alikula hiyo sombe na ndagala, wale dagaa wetu, akalala kidogo.

Lakini saa yake hasa ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Wazee wanne wa mtaa wetu walikula pamoja kwenye barza ya baba: baba mwenyewe, mshonaji aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, dereva mstaafu wa treni, na mvuvi mmoja aliyehamia kutoka pwani ya kaskazini. Kila nyumba ilitoa bukari yake, huo ugali wetu wa muhogo, pamoja na mboga yake, na wote walikula kutoka kila sahani. Leo samaki wa kwangu, leo maharage ya kwako, mikono minne ndani ya sahani moja. Wanawake na watoto tulikula nyuma, karibu na jiko. Kutoka huko niliwasikia wakichokozana. "Jana ulipiga matonge kumi, leo matano. Una nini?" Mwenye kuulizwa alijitetea, akatukana kidogo, mwishowe akasema ukweli: tumbo, au jino, au barua mbaya kutoka kwa mtoto. Nilidhani ni uroho wa wazee. Sasa najua kwamba ile ndiyo ilikuwa dispensari yao, tena ilifanya kazi vizuri kuliko yangu.

Katika daftari langu la shule kulikuwa na ukurasa mmoja juu ya utunzaji wa wazee. Chakula laini, mayai, maji yaliyochemshwa, mapumziko, usafi wa vyombo. Niliupenda ukurasa huo. Nilikuwa nimeupigia mistari kwa kalamu nyekundu.

Nilianza na sahani. Nilimnunulia baba sahani ya bati jeupe lenye ukingo wa bluu, na mfuniko wake, na kikombe cha aina hiyo hiyo, na kijiko. Nikamwekea meza ndogo ndani, karibu na dirisha, na kitambaa nilichofuma mwenyewe. "Papa," nikamwambia, "kuanzia leo hautakula tena pamoja na mikono ya watu wanne. Mikono ina mikrobi." Nikamweleza hivyo vijidudu ni nini, kwa kirefu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaigeuza sahani, akaitazama chini na juu, akaiweka mezani taratibu.

"Ni ya mimi peke yangu?" akauliza.

"Ya weye peke yako, Papa. Hakuna mwingine ataigusa."

Nilisema hivyo kwa furaha, nakumbuka. Nilisema kama mtu anayetoa zawadi.

Kila jioni nilivichemsha vyombo vyake kwenye sufuria uani: sahani, kikombe, kijiko, muda mrefu, mpaka mvuke ukajaa. Makala, huo mkaa wetu wa kupikia, yalikuwa ya shida wakati ule, hayakutosha kuchemsha vyombo vya nyumba nzima, kwa hiyo nilichemsha vyake tu. Mimi na watoto tulisuuza vyetu kwa maji ya bomba, basi. Jirani wa ng'ambo ya njia, mama mmoja mpole mwenye macho ya kuona kila kitu, alisimama kwenye uzio wake na kunitazama nikichemsha. Nilijisikia vizuri kutazamwa. Nilifikiri, wacha waone binti anavyomheshimu baba yake.

Kisha nikamkataza shamba. Kisha nikamkataza ziwa, nikamletea maji ya moto ndani ya beseni. Mwisho nikamtafutia karatasi ya salongo. Mkuu wa dispensari aliipiga muhuri: mwananchi huyu, kwa sababu za afya, asamehewe kazi zote za pamoja. Niliipeleka mwenyewe kwa mkubwa wa mtaa, naye akaisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wameshika majembe, maana alikuwa na ugonjwa wa kusoma kwa sauti karatasi yoyote yenye muhuri.

Baba alitii yote. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu hakuwa mtu wa kutii. Lakini alijivuna kwa ajili yangu. Mpaka bandarini aliwaambia wale wasiomuuliza, "Binti yangu njo munganga," yaani ndiye daktari. Mtu akishasema hivyo mbele ya watu, anawezaje kumkatalia munganga wake?

Wiki za kwanza nilijisifu. Halafu mambo yakaanza kuharibika, polepole, kama kawaida ya mambo yanayoharibika nyumbani mwa mtu. Jioni moja niligundua kwamba saa kumi na mbili barza yetu iko tupu. Wale wazee watatu walikuwa wamehamia kwenye barza ya mshonaji. Nikadhani wamefanya hivyo kwa adabu, wasimsumbue mzee aliyepewa mapumziko. Hata nilimshukuru mshonaji nilipokutana naye njiani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama kwa huruma, akasema, "Uvumilie, mama. Mungu anakuona." Nikadhani anazungumzia kazi yangu ya dispensari.

Kiangazi kikaja na vumbi lake, na baba akaanza kukohoa, kama nusu ya mtaa ilivyokohoa. Akaanza kubakiza chakula. Nusu ya yai, robo tatu ya bukari. Nilimgombeza kama ninavyowagombeza watoto. "Papa, yai haliachwi nusu!" Alikula robo nyingine ili ninyamaze. Nilimpeleka kwenye mzani wa dispensari, na mwezi uliofuata nikampeleka tena, na mzani ukaniambia kitu ambacho macho yalikuwa yamekwisha kukiona. Suruali yake ilishikwa na kamba.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliacha kuwashika watoto. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka mitatu, alimkimbilia kila asubuhi kama alivyozoea, naye akamwambia, "Enda kwa mama yako," na kugeuza uso ukutani. Mdogo, ambaye alikuwa bado ananyonya, alimnyooshea mikono, naye akainuka na kwenda upande mwingine wa nyumba. Nilikasirika. Usiku nilifungua daftari, nikakuta imeandikwa kwamba mzee huweza kubadilika tabia na kuwa mkali. Nikaipigia mstari.

Hatimaye niliogopa. Mtu anakonda, anakohoa, hali chakula. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua la kufanya. Nilimpa kikopo, akatema makohozi, na kwa kuwa mimi nilikuwa zamu asubuhi hiyo, alikileta mwenyewe kwa miguu, kimefungwa kwenye karatasi, kupitia katikati ya mtaa. Jibu lilirudi safi. Mara ya pili safi, mara ya tatu safi. Nikashusha pumzi, nikaweka karatasi ya maabara katikati ya daftari, na sikumwambia kitu. Niliona hakuna kitu cha kumwambia. Ugonjwa haupo, utaanzaje kumwambia mtu juu ya kitu kisichopo?

Siku chache baadaye nikakuta jembe lake halipo. Alikuwa amempa yule jirani wa shamba, adui yake wa mpaka. Jioni hiyo aliniita. Alikuwa amekaa mezani kwake, sahani imefunikwa, hajaigusa.

"Mama," akasema. Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Unipeleke Zongwe. Mapema, mbele miguu haiyakataa kuingia ndani ya mutumbwi."

"Kufanya nini Zongwe?"

"Kungojea."

Nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea baba yangu. Nilimwambia nimeacha mengi kwa ajili yake, kwamba ninalala nimechoka kwa kuchemsha vyombo vyake, kwamba yeye ndiye mwenye kichwa kigumu kuliko wagonjwa wangu wote. Aliinamisha kichwa. "Wagonjwa wako," akarudia, taratibu, kama mtu anayethibitisha jambo. Nikatoka nje nikilia kwa hasira.

Kesho yake nilikuwa kwenye foleni ya bomba na ndoo yangu. Yule mama wa ng'ambo ya njia alinisogelea, akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Mama Munganga, usinifikirie vibaya. Ile sahani ya Papa, unaichemsha saa ngapi? Mume wangu naye anaanza kukohoa, nami nataka nimutenge mapema, kama weye. Weye ulifanya kwa heshima sana. Wengine wanawatupia chakula mulangoni."

"Nilimutenga nani?" nikamuuliza. Sikuelewa kweli.

"Papa yako. Na kile kifua chake." Akanigusa bega. "Sisi wote tunajua, mama. Usisikie haya. Karatasi ilisomwa."

Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakanilowanisha miguu, na watu nyuma yangu wakaanza kulalamika. Mimi nilisimama pale pale.

Kwetu, kando yote ya ziwa kutoka Kalemie mpaka Moba, mtu mwenye kifua kikuu anatengewa sahani. Anatengewa kikombe. Vyombo vyake vinaoshwa mbali, kwa maji ya moto. Hali na wenzake, haendi kwenye kazi za pamoja, hashiki watoto. Hakuna anayemwambia kwa kinywa. Sahani ndiyo inayomwambia. Na mimi sikuwa mgeni wa desturi hiyo. Kaka yake mama alikula hivyo nyuma ya nyumba yetu mpaka alipokufa, katika bakuli lenye ukingo uliotiwa alama kwa kisu ili lisichanganyike na mengine. Nilipigwa fimbo siku nilipoligusa. Nilijua maana ya sahani ya peke yake kabla sijajua kusoma. Na nilikuwa nimeiweka mbele ya baba yangu kwa tabasamu, nikamwambia hakuna mwingine atakayeigusa.

Sijui nilivyofika nyumbani. Baba alikuwa amekaa dirishani, blanketi mabegani. Nikapiga magoti mbele yake, na kwa kuwa niliogopa kulia, nikasema kwa sauti kali mno.

"Papa, hauko mugonjwa."

"Ndiyo, mama."

"Hapana, unisikie. Hauna kifua. Tulipima mara tatu. Hakuna kitu ndani."

"Muzuri," akasema. Alisema kwa upole wa mtu anayemtuliza mtoto aliyeota ndoto mbaya. Hakuniamini hata kidogo.

"Nani alikuambia una kifua?"

"Weye."

"Mimi? Nilisema lini?"

"Haukusema. Munganga hasemi." Hakuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ulinitafutia sahani. Ukanichemshia kikombe, cha kwangu tu. Ukanikataza shamba, ukanikataza ziwa. Karatasi ikasomwa mbele ya watu. Ukachukua makohozi, na halafu ukanyamaza. Sasa muntu ataelewa nini, mama?"

"Nilitaka uishi sana, Papa! Njo ile tu nilitaka!"

"Najua. Ulifanya muzuri. Kuko watoto mu nyumba."

Hapo nikaelewa kwa nini aligeuza uso ukutani kila binti yangu alipomkimbilia. Hakuwa mkali. Alikuwa anazuia pumzi yake isiwafikie. Miezi yote ile, huku mimi nikipiga mistari kwenye daftari, baba yangu alikuwa anawalinda wanangu dhidi ya ugonjwa ambao hakuwa nao, peke yake, bila kumlalamikia mtu.

Nilileta karatasi ya maabara. Aliishika mbali na macho, akauona muhuri, akanirudishia. "Hata ile ya salongo ilikuwa na muhuri," akasema. Nilimwita mwenzangu wa dispensari aje amweleze. Baba alimshukuru, akamwuliza habari za familia, na alipoondoka akaniambia, "Mulipatana vizuri na yule." Nilimwapia. Alinipigapiga mkono. Nilijua wazi kwamba kama hali hii ingeendelea, nisingemwona akimaliza msimu wa mvua. Hakuna dawa ambayo ningempa. Alikuwa anakufa kwa sababu aliniamini, na sasa nilipomwambia ukweli hakuweza tena kuniamini.

Nilikesha nikifikiri, na asubuhi nikajua kwamba maneno yangu na karatasi zangu havina kazi tena. Kilichomhukumu kilikuwa sahani. Na kwenye sahani ndiko ningelazimika kwenda kumtoa.

Jioni hiyo nilipika nilivyokuwa sijapika tangu nirudi. Bukari ngumu, ya kusimama. Mikebuka, samaki wetu wa ziwa, kwa mafuta ya mawese na pilipili. Sombe. Nikapakua kwenye sahani kubwa ya nyumba, ile ya watu wengi, nikaiweka kichwani, nikamfunga mtoto mdogo mbele kwa kitenge, nikachukua kikombe cha baba mkono mmoja na baba mwenyewe mkono mwingine.

"Tunaenda wapi?"

"Kula."

Alipoona tunaelekea kwa mshonaji alisimama katikati ya njia. "Mama, usinitie haya. Wale ni wazee. Wataona aibu kunifukuza." Nilimvuta. Alikuwa amekonda kiasi kwamba haikuwa kazi kumvuta, na nilichukia wepesi wake ule.

Wazee watatu walikuwa wamekwisha kunawa. Walitusalimu vizuri, vizuri kupita kiasi, wakasogea pembeni kutupa nafasi kubwa kuliko tuliyoihitaji. Mvuvi aliondoa mkono wake kwenye sahani. Nikaweka sahani yangu katikati, nikakaa chini kwenye mkeka kati ya baba na mshonaji. Mwanamke hali na wanaume pale kwetu, na binti mwenye watoto wake ndiyo kabisa hatii mkono kwenye sahani ya baba yake. Dereva wa treni alikohoa kidogo, akatazama barabara.

"Wazee, munisamehe," nikasema. "Leo nimekosa adabu, na nitaikosa zaidi."

Nikamnawisha baba. Kisha nikanawa mimi, katika maji yale yale. "Papa, kata tonge."

"Mama..."

"Kata."

Akakata, akachovya, akauma nusu. Kabla hajameza, nilichukua ile nusu iliyobaki vidoleni mwake, nikaitia kinywani mwangu, nikatafuna, nikameza. Nikamimina maji kwenye kikombe chake, nikampa anywe, nikachukua kikombe na kunywa pale pale midomo yake ilipokuwa. Halafu nikafungua kitenge, nikampa mtoto titi, mbele ya wazee wanne, na sauti yangu ilipotoka ilikuwa ya hasira, ingawa hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mimi njo munganga. Mimi njo nilimutenga baba yangu, kwa ujinga wangu, na nilizani ni heshima. Hana ugonjwa. Kama anao, basi na mimi ninao sasa hivi, na huyu mutoto anaunyonya."

Mtoto alinyonya kwa pupa. Baba hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto, koo lake dogo likipanda na kushuka. Alijua mimi ni mtu wa namna gani. Alijua kwamba ninaweza kumdanganya mgonjwa kwa huruma, kwamba ninaweza kupatana na mwenzangu wa dispensari, kwamba ninaweza kupata muhuri wowote ninaoutaka. Lakini alijua pia kitu ambacho siwezi kumfanyia mwanangu.

Mshonaji ndiye aliyetia mkono wa kwanza. Alikata tonge upande ule ule wa baba, akachovya kwenye mchuzi ule ule, akala. Machozi yalimtoka, na alijifanya ni pilipili. "Tulikuacha, ndugu yangu," akasema. "Tulizani munganga amejua."

"Hata mimi nilizani," baba akajibu.

Mvuvi akatia mkono. Dereva wa treni akatia mkono, akalalamika kwamba samaki wanapoa kwa ajili ya hotuba. Na baba akala. Alikula polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kilichokaa muda mrefu sandukuni, tonge moja, jingine, samaki, sombe. Nilimtazama bila haya. Nilitaka kulia na nilitaka kuimba, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu kinywa changu kilikuwa kimejaa bukari.

Sahani ilipokwisha, baba aliomba maji. Akanawa mara mbili, mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa shati lake. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaninyooshea mikono yote miwili.

"Nipe mutoto."

Nikamtoa kwenye titi, akapiga kelele kwa hasira, nikampa. Baba akampakata, akasubiri anyamaze. Halafu akainama, akaweka uso wake karibu kabisa na uso wa mtoto, akavuta pumzi ndefu, akaitoa.